Tukuyu bwana! Simbilisi jikoni, sweta mgongoni

Mwambie mtoto wa mjini kwamba kuna watu wanakaa jikoni na wanyama wadogo wasio na mkia, tena wanaopiga miluzi wakiona majani. Atakuuliza umekunywa nini. Kwake mnyama mdogo wa jikoni ni mmoja tu, panya, na dawa yake anaijua. Sasa msomaji wangu, wiki hii tunakwenda wote Rungwe, Mkoa wa Mbeya, ukajionee. Vaa sweta kabisa, maana huko mambo ya kifua wazi hayapo.

Safari yenyewe siyo ya kutisha. Ukitoka Mbeya mjini unafika Uyole, hapo unaiacha barabara ya kwenda Dar na kukata kulia, ile ya kuelekea mpaka wa Malawi. Toka Mbeya mpaka Tukuyu ni kama kilomita 70 hivi. Kosta inapanda, inapanda, madirisha yanaanza kufungwa moja moja, na yule dada aliyepanda kavaa kiblauzi chepesi anaanza kutafuta kanga kwenye mkoba. Huku juu, upande wa Isongole, wanakuuzia viazi mviringo. Ukishaanza kushuka kuelekea Kiwira, mambo yanageuka kuwa ndizi. Mikungu imepangwa kando ya barabara kama abiria wanaosubiri gari.

Kushoto kwako ni Mlima Rungwe, karibu mita 3,000, volkano iliyolala. Udongo wake ndio siri ya wilaya nzima. Mvua ya Tukuyu inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo maana kila kitu ni kijani: chai kule Katumba, kahawa, migomba, miparachichi. Mjerumani alipouona mji huu alisikia kama yuko kwao, akajenga boma na kuuita Neu Langenburg. Wamisionari wa Moravian walikuwa wamekwishatia timu Rungwe tangu mwaka 1891. Na kama wewe ni mtu wa soka, heshimu ardhi unayokanyaga: mwaka 1986 Tukuyu Stars walichukua ubingwa wa ligi ya Bara, Simba na Yanga wakabaki kutazamana.

Mnyama maarufu wa Rungwe ni kipunji, nyani mwenye kishungi kichwani. Watafiti walimwona kwenye mlima huo mwaka 2003, dunia ikatangaziwa mwaka 2005, wazungu wakashangilia. Wawindaji wa hapo walikuwa na jina lake zamani! Lakini leo kipunji tumwache na msitu wake. Mimi mnyama niliyemfuata nilimkuta jikoni.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2023, shule zimefungwa, ukungu umekaa mjini kama mgeni asiyetaka kuaga. Nilikuwa nimealikwa na mshikaji wangu mmoja wa Dar, kwao ni kijijini, mwendo mfupi tu toka Tukuyu mjini. Nilimsalimia mama yake kwa Kinyakyusa nilichofundishwa garini, "Ugonile!", mama akacheka mpaka akakaa chini. Ndiyo uzuri wa huko. Ukijaribu lugha yao, hata ukiivunja, chai unapewa kikombe kikubwa.

Jiko lao ni banda la nje, la kuni. Kuingia tu nikasikia wiii, wiii, wiii! Nikarudi nyuma hatua mbili. Kumbe ni wao. Simbilisi kama kumi na tano, weusi, weupe, wa rangi ya chai ya maziwa, wanatoka nyuma ya kinu na chini ya uchaga wa mianzi. Walikuwa wamesikia mlango, wakadhani ni mwenyewe anawaletea majani.

Mwenyewe ni binti wa mwisho wa nyumba hiyo, kidato cha tatu, mpole wa sura lakini subiri utamjua. Kila asubuhi alfajiri anafagia jiko, kinyesi anakipeleka kwenye migomba, halafu anawatupia nyasi. Aliniambia simbilisi ukimnyima majani mabichi anadhoofika. Yuko sahihi kabisa. Mwili wa mnyama huyu, kama wako na wangu, hauwezi kutengeneza vitamini C, lazima aile. Mimba yake ni miezi miwili na siku chache, na kitoto kinatoka kina manyoya na macho yamefunguka. Yaani huyu bwana anazaliwa kashavaa sweta, tayari kwa baridi ya Tukuyu!

Kwao hasa ni milima ya Andes, kule Peru, Bolivia na Ecuador, ambako wamefugwa kwa maelfu ya miaka, kwa nyama. Kwenye kanisa kuu la mji wa Cusco, Peru, kuna mchoro wa karne ya 18 wa Karamu ya Mwisho, na kwenye sahani pale mezani watu wengi wanamwona simbilisi. Ulaya kwa upande wao hawamli, wanambeba kama mtoto. Uswisi ndiyo kiboko: toka mwaka 2008 sheria ya kule hairuhusu kumfuga mmoja peke yake, eti atapata upweke. Jamani, sisi kuna wapangaji Manzese wanaishi peke yao miaka kumi, hakuna sheria inayowauliza hali!

Huku kwetu anajulikana sana Nyanda za Juu Kusini, Njombe, Iringa, Mbeya. Ukivuka ziwa mpaka Kivu, Kongo, utamkuta pia, na kule amewafaa watu kwelikweli. Wakati wa vita wenye bunduki walikuwa wakichukua ng'ombe na mbuzi, lakini simbilisi unamficha, na ukikimbia unambeba. Mali ndogo ina raha yake.

Sasa tuje kwenye sweta. Yule binti anafuma. Sindano zake ni spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye jiwe. Na uzi? Hapo ndipo nilipovua kofia. Hanunui uzi mpya, bei haishikiki. Anakwenda gulioni kwenye rundo la mitumba, anachagua sweta lililotoboka kiwiko ambalo hakuna mtu anayelitaka, anapatana mpaka mwenye mali anachoka. Akifika nyumbani anatafuta mwanzo wa uzi, anavuta, sweta zima linafumuka. Anauzungushia kwenye miguu ya kiti, anaufua, anauanika juu ya jiko ukauke umenyooka, halafu anakunja donge. Sweta moja la mtu mzima linatoa mizula ya watoto wachanga kadhaa na soksi zake. Wateja ni akina mama wanaopeleka watoto kliniki. Kwa baridi ile, mama gani atapita bila kununua?

Na pesa ya kununulia hayo masweta yaliyotoboka inatoka wapi? Kwa simbilisi. Akiuza madume gulioni, anarudi na mtumba. Majani yanakuwa nyama, nyama inakuwa uzi, uzi unakuwa mzula. Pesa inalala kwenye kopo la maziwa chini ya madonge. Anachotafuta ni mashine ya kufumia, apokee oda za masweta ya shule. Mashine yenyewe bado iko mbali, lakini kopo linaongezeka uzito.

Chakula je? Bwana we! Nilifika na mkanda tundu la tatu, niliondoka tundu la mwisho. Asubuhi magimbi ya kuchemsha na chai ya maziwa, maziwa ya kweli, siyo yale ya kupakwa rangi. Mchana mbalaga, ndizi zenyewe za Wanyakyusa. Mama alizipika mara na maharage, mara na maziwa, laini, hazihitaji meno. Pembeni parachichi kubwa kama kiatu cha mtoto, unalikata, unatia chumvi, basi. Jioni moja tukapata wali wa Kyela, ule unaonukia mpaka kwa jirani, na samaki mbasa kutoka Ziwa Nyasa. Nilikula nikasahau kwamba Dar kuna chipsi.

Jioni ya tatu ndiyo ilileta kasheshe. Tuko jikoni tunaota moto, mzee mwenye nyumba kwenye kigoda chake, mama anamenya ndizi, binti anafuma. Mshikaji wangu akajisifu, "Mgeni gani anaondoka Tukuyu hajaonja simbilisi? Kesho nachinja."

Binti hakuinua kichwa. "Simbilisi wa nani, kaka?"

"Si hawa wa jikoni."

"Jikoni ni mahali. Nimeuliza wa nani."

Kimya. Kuni zikalia. Mshikaji akamtazama mzee, akitegemea dingi atatoa amri mambo yaishe. Nami nikakaa mkao wa kusikiliza, maana hapa palikuwa pagumu. Mgeni ni mimi, na huko mgeni anaheshimiwa. Kaka ni mkubwa. Binti ni mtoto wa mwisho. Nyumba ngapi unazijua ambazo kuku "wa dada" anachinjwa dada akiwa shule, akirudi anapewa shingo?

Mzee akakohoa kidogo. "Ng'ombe ni wangu," akasema. "Migomba hiyo mama yenu ndiye anayejua. Hawa wana mwenyewe. Muulize yeye, usiniulize mimi."

Binti ndiyo akaweka spoku chini. Akasema kwa adabu zote, "Kaka, mgeni wako ni mgeni wangu. Madume mawili yamezidi, yanapigana kila siku. Chukua hayo, kwa bei ya gulioni. Madoa haguswi."

"Yaani nikulipe wewe, mdogo wangu wa tumbo moja?"

"Buchani unamlipa mtu usiyemjua hata jina. Mimi wa tumbo moja ndiyo unidhulumu?"

Mama akacheka mpaka ndizi ikamdondoka. Mzee akatazama moto, lakini niliona mashavu yakicheza. Mshikaji akaingiza mkono mfukoni, akahesabu noti, akazitoa. Zikaenda kwenye kopo, kifuniko kikafungwa, tap!

Madoa ni jike lenye mabaka meusi na meupe, ana miaka minne, na simbilisi akitunzwa vizuri anafika mitano mpaka minane. Nilimuuliza binti kwa nini huyo tu. Nilitegemea hadithi ya kutoa machozi. Akanijibu, "Ni mama yao, hawa wengi ni wanawe. Halafu nikiingia, wengine wanakimbilia majani. Huyu anakuja kwangu kwanza." Akaendelea kufuma.

Kesho yake nikala. Sikuremba! Walimwagiwa maji ya moto wakanyonyolewa kama kuku, wakabanikwa kidogo, kisha mchuzi wa nyanya na kitunguu, mbalaga pembeni. Nyama yake iko katikati ya kuku wa kienyeji na sungura, mifupa midogo ya kuchezea ulimi. Madoa yuko pale nyuma ya kinu anatafuna jani la mgomba, na binti naye anakula mchuzi uleule bila wasiwasi. Mtu wa mjini anaona kuna mgongano hapo. Yeye hauoni. Yupo wa kuuzwa, yupo wa kukaa, na anayejua yupi ni yupi ni mwenye mali.

Hilo ndilo nililotoka nalo Rungwe, msomaji wangu. Mimi nilidhani mali ni ng'ombe na shamba. Kumbe binti wa kidato cha tatu mwenye simbilisi kumi na tano na spoku mbili za baiskeli anaweza kumfanya kaka mtu mzima aulize kabla ya kuchukua. Angekuwa hana chochote chenye jina lake, usiku ule angekaa kimya tu, na Madoa angekuwa mchuzi. Na baba yake angetoa amri nyingine, kopo lingebaki jepesi. Mzee yule hakutoa hotuba ya haki za wanawake, alisema maneno machache kwenye kigoda, yakatosha.

Sasa ukienda, nakupa ya bure. Beba koti, hata kama Mbeya kuna jua. Sema "ugonile" asubuhi na "ndaga" ukishukuru. Usiishie kupiga picha Daraja la Mungu na Ziwa Ngozi ukarudi. Ingia majumbani, kula mbalaga. Na ukikutana na anayeuza mizula na soksi za kufuma, usimbane bei kama vile anauza mchanga. Nyuma ya ule mzula kuna sweta lililofumuliwa, na nyuma ya sweta kuna dume la simbilisi lililokwenda gulioni.

Nyumbani kwenu nako, hebu chungulia: dada yako ana kitu gani ambacho huwezi kukichukua bila kumuuliza? Kama hakuna, anzeni na simbilisi wawili. Siyo mmoja, Waswisi wasije wakatushitaki.

Haya, wiki ijayo majaaliwa.