Nusu ya Sauti

Hakuna fedha inayoulizwa maswali mengi kama fedha ya kijana asiye na ajira. Nilipofikisha shilingi 40,000 kwa kupakua dagaa pale Mwigobero, Musoma mjini, mama alisema ninunue viatu. Rafiki zangu wakasema tuchange mtaji wa kuku. Mimi nilitaka hedifoni zisizo na waya, nisikilize muziki.

Ndugu msomaji, usicheke kwanza. Nina kaunta buku mbili za riwaya yangu ya kwanza, na ninaziandika usiku katika chumba ninacholala na wadogo zangu wawili. Kaseti na redio za baba zetu zilihitaji sebule. Sisi tusio na sebule, muziki ndio mlango pekee tunaoweza kuufunga.

Basi nikapanda mtaa wa Mukendo, duka hadi duka. Nikakuta aina tatu: vile vidogo viwili vya kuchomeka sikioni, kila kimoja kivyake, za kuning'iniza shingoni, zenye ukanda unaoviunganisha viwili, na kubwa za kufunika sikio zima. Muuzaji mmoja akanivalisha zile kubwa. "Kaka, chukua hizi. Besi yake inatikisa ubongo!" Kweli ulitikisika.

Lakini kwa kukosa waya zote ni ndugu. Zinatumia Bluetooth, ufundi ulioanzia katika kampuni ya Ericsson huko Sweden miaka ya 1990, ukapewa jina la utani la mfalme wa kale wa Denmark. Simu inaubana wimbo na kuurusha kwa mawimbi ya redio, kwa kawaida umbali wa mita kumi hivi. Kwa hiyo swali langu halikuwa waya tena. Swali lilikuwa: zitalifanya nini sikio langu?

Swali hilo nilikuwa nimelipata kwa baba. Miaka mingi aliendesha mashine ya kusaga Bunda, kutwa nzima kando ya injini, masikio wazi. Sasa amerudi kijijini Butiama. Ukimsalimia "Shikamoo, baba," anaitikia akitazama midomo yako. Wiki moja kabla ya kwenda madukani, nilimpelekea hedifoni za kuazima. Nikamwekea Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki wa ujana wake, yule wa Morogoro Jazz aliyefariki kwa ajali mwaka 1979. Baba akatulia, akagonga goti kwa kidole. Kisha akazivua.

"Sauti naipata, mwanangu. Maneno siyapati."

Nyimbo hizo alikuwa akiziimba zote kwa kichwa.

Nilisoma baadaye kwa nini iko hivyo. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo sana vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Kelele ikizidi, chembe hizo hufa, na za binadamu hazioti tena. Mara nyingi zinazotangulia ni zile za sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazotenganisha "s" na "f", neno na neno. Besi inabaki, maneno yanaondoka. Kwa mtu anayetaka kuandika riwaya, jamani, ni msiba gani mkubwa kuliko huo?

Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza kwa usalama saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa zinashuka hadi nne tu. Na sisi vijana tunapandisha kwa sababu gani? Mara nyingi ni kushindana na kelele za nje: daladala, bodaboda, spika za jirani.

Kumbe hedifoni nzuri ni ile inayokuruhusu kupunguza. Zipo zenye maikrofoni inayosikiliza kelele za nje, kisha zinatengeneza wimbi lililo kinyume chake, kelele ikafifia. Zinafaa hasa kwa mngurumo wa injini. Nilizijaribu, nikauliza bei, nikazirudisha taratibu. Zilikuwa mara tatu ya mfuko wangu.

Nikachukua za shingoni, shilingi 28,000. Zilikuja na vipira vya ukubwa wa aina tatu, na vya kati vikaziba sikio langu sawasawa. Nilisimama mlangoni, bodaboda zikipita, nikaweka benga la Shirati Jazz, bendi ya D. O. Misiani, mzaliwa wa huku kwetu Mara. Katika zile kubwa, besi ilikuwa imelimeza gitaa. Katika hizi, gitaa lilikimbia juu na besi ikalifuata chini, kila moja na njia yake, sauti ikiwa nusu tu.

Siku mbili za kwanza nusu iliniudhi, nikaona kama nimepunjwa. Siku ya tatu nikaizoea. Ndani ya basi la Bunda huwa nazishusha shingoni kabisa, maana abiria wanabishana Kiswahili ambacho sitakipata katika wimbo wowote.

Nawe unayetunza za kwako, nenda dukani na wimbo ambao maneno yake unayajua yote. Muuzaji akiongeza sauti, wewe punguza. Kisha sikiliza kama maneno bado yapo.