Wavu Mbovu, Jibu Bovu

Wadau, ndani ya simu yako kuna kidude cha silikoni kinachohisi ukiigeuza. Sehemu zake hupimwa kwa maikromita. Kabla ya kukitengeneza, wahandisi hukiumba kwanza kwenye kompyuta, kisha huugawa ujazo wake katika wavu wa vipande vidogo, mara nyingi piramidi za nyuso nne. Hesabu ya nguvu hupita kipande kwa kipande.

Kasheshe iko hapo. Umbo linalotoka kwenye uigaji mara nyingi lina kingo za ngazi ngazi. Ukilifuata bila kulisawazisha unapata piramidi nyembamba kama ganda la kitunguu, na jibu linapinda. Picha itabaki na rangi zake zote nzuri!

Msidhani ni mchezo. Tarehe 23 Agosti 1991 msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulizama Norway ukiwa kwenye majaribio. Wavu wa hesabu ulikuwa mbovu, nguvu za mkato ukutani zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47, na nondo nazo hazikushikizwa vya kutosha.

Sisi wa magazeti tunapenda kuandika "kompyuta imeonyesha". Jamani, tuulize kwanza: wavu ulisukwaje?