Jiwe la Kama

Nyumbani kwangu Kindu, juu ya kinanda, kuna jiwe jeusi linaloning'inia kwenye uzi. Wageni hudhani ni dawa. Mwanafunzi mpya huliangalia kwa pembe ya jicho, na mama yake akishaondoka huuliza kwa sauti ya chini: "Papa Mwalimu, lile ni la nini?" Ni kasiterite tu, jiwe linalotoa bati. Baba yangu alinipa nikiwa mtoto. Nimepiga piano miaka karibu arobaini, makanisani, harusini na matangani, na kila ninachomwambia anayeanza nilikipata kwa jiwe hilo.

Nilizaliwa Kama mwaka 1970, nchi ya Warega, msitu juu na madini chini. Baba alikuwa mchimbaji. Jioni moja aliniwekea kiganjani kijiwe kisichozidi kokwa la embe, na mkono wangu ukashuka wenyewe. "Dogo machoni, zito mkononi," akasema, kisha akaenda kuoga. Kwetu wazee wa chama cha Bwami hufundisha hivyohivyo: wanakuonyesha kitu, halafu wanakupa neno lake. Jiwe nilipewa siku ile. Neno lake lilichelewa.

Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka duniani kote, na kijijini tukaisikia sufuriani. Mwaka uliofuata tulihamia Kindu, kandokando ya mto Lualaba. Shuleni walinitania: "Unatoka Kama? Kama wapi?" Sikuwa na jibu wala rafiki, nikaingia kwaya.

Kinanda cha kwanza nilichogusa kilikuwa cha kanyagio, kile kinachopumua kwa miguu ya mpigaji. Panya walikuwa wametoboa mifuko yake ya hewa, na padri mzee aliyetufundisha aliiziba kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Tulikuwa wanafunzi tisa na kinanda kimoja. Akaamuru kila mmoja alete ubao. Alipima kwa rula: vibonye saba vyeupe, tangu do hadi si, huchukua sentimita 16 na nusu. Tukachora kwa wino vipimo vilevile. "Ukichora vyembamba," alisema, "vidole vitajifunza njia ya nyumba isiyokuwepo."

Basi nilijifunza piano miezi minne juu ya ubao usiotoa sauti. Siku hizi wazazi huja kwangu wakilia kwamba hawana fedha ya kinanda. Nawaambia walete katoni na rula. Mtoto atajua mahali pa do (kibonye cheupe kilicho kushoto kwa vile vyeusi viwili vilivyo pamoja), atajua hesabu ya vidole, gumba 1 hadi kidole kidogo 5, na atajua kupanda gami ya do kwa mkono wa kulia: 1, 2, 3, kisha kidole gumba kipite chini ya kile cha kati, halafu 1, 2, 3, 4, 5. Kupitisha gumba bila kuinua kiwiko kama kuku anayetaka kuruka ni kazi ya wiki mbili, na haihitaji umeme.

Kitu kingine kisichohitaji umeme ni kiti. Viwiko viwe usawa wa vibonye. Mtoto mfupi namkalisha juu ya kreti ya soda yenye kitenge kilichokunjwa. Mkono uwe kama umeshika chungwa, mabega yalale. Anayeanza akichoka begani, kiti ndicho kinachomchosha.

Shida yangu mimi ilikuwa haraka. Nilipopewa zamu ya robo saa kwenye kinanda chenyewe, nilitaka kuimaliza na wimbo mzima. Nilijikwaa palepale kila siku, kwenye mstari wa tatu, nikarudia toka mwanzo, nikajikwaa tena. Padri alinisikiliza wiki nzima bila kusema. Siku ya Jumamosi akasema, "Hongera. Kosa lako sasa unalijua kwa moyo."

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Kidole hakijui kosa wala sahihi. Hukumbuka kile kilichopewa mara nyingi. Ukikipa kosa mara ishirini, umekifundisha kosa, na ukikipa sahihi mara moja ya bahati mwishoni, hakikusikii.

Tulikuwa hatuna metronomu, chombo cha kuhesabu mapigo. Padri akaniuliza kama nina kitu kizito kidogo. Nikatoa jiwe la baba mfukoni. Akalifunga kwa uzi wa mita moja, akalitundika kwenye msumari, akalisukuma. Kila lilipotoka upande mmoja hadi wa pili ilikuwa sekunde moja, mapigo 60 kwa dakika. Alipofupisha uzi hadi sentimita 25, mapigo yakawa 120. Alipourefusha hadi mita moja na nusu, yakawa chini kidogo ya 50. Nikadhani uzito ndio unaoendesha mwendo. La, urefu wa uzi ndio unaotawala. Uzito unasaidia tu jiwe lisichoke upesi kwa upepo. "Anza na uzi mrefu," akasema. "Ukipiga mara tano bila kosa, punguza upana wa mkono mmoja. Ukikosea, rudisha uzi."

Ndipo nikapata neno la jiwe. Tangu siku ile sikurudi mwanzo wa wimbo ovyo. Nilichukua ule mstari wa tatu peke yake, mkono wa kushoto kwanza, kwa sababu ndio mvivu, kisha wa kulia, kisha mikono yote miwili kwa uzi mrefu kupita kiasi. Siku nne zilitosha kufuta kosa la mwezi mzima. Na robo saa kila siku ilinifaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Piano ni kama sombe, haipikwi kwa moto wa kushtukiza.

Kwaya ilipata kinanda cha umeme miaka michache baadaye. Kilitoka Kisangani: kilomita 125 za reli hadi Ubundu kukwepa maporomoko, kisha boti kupanda Lualaba hadi kwetu. Tulikifunua kama mtoto mchanga. Mtu akatafuta waya wa kukiunga kwenye betri ya gari, na huyo mtu nilikuwa mimi. Vinanda vingine hutaka chanya katikati ya plagi, vingine hasi, na kila kimoja kimechorwa alama yake nyuma. Sikuitazama alama. Moshi mwembamba ulitoka, na harufu yake sijaisahau. Fundi wa redio alikiokoa kwa wiki tatu na jogoo wawili. Leo, zama za paneli za jua, somo langu la kwanza la umeme ni hilo: soma alama kabla ya kuchomeka.

Kosa la pili nililifanya mbele ya watu. Vinanda hivi vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, vijana hukiita transpozi. Unapiga kila kitu katika do, kitufe kinapandisha au kushusha. Nilikipenda kama mlevi na pombe. Kwenye harusi moja nilikipandisha nusu-toni tatu kwa wimbo wa kuingia, nikasahau kukirudisha. Wimbo wa pili ulianza: gita la besi katika do, vidole vyangu katika do, kinanda kikalia mi bemoli. Bibi harusi aligeuka. Mwanakwaya mmoja akacheka, wa pili akanyamaza, na mimi nikawa natafuta kosa mikononi wakati lilikuwa kwenye kioo kidogo mbele yangu.

Tangu hapo wanafunzi wangu hawakigusi kitufe hicho mwaka wa kwanza. Tunachukua ufunguo mmoja kwa mwezi: do, sol, fa, re, si bemoli, na kuendelea. Funguo ni 12, miezi ni 12. Katika kila ufunguo tunatafuta akodi tatu tu. Kwa do, mkono wa kushoto hushika do-mi-sol. Ukienda fa, usirushe mkono: do ibaki, mi ipande fa, sol ipande la. Ukienda sol, sol ibaki, do ishuke si, mi ishuke re. Vidole vinatembea hatua moja, kama jirani anayevuka ua. Kwa akodi hizo tatu mtoto anaweza kusindikiza nyimbo nyingi za kwaya, na mama yake akalia kanisani.

Vita vilifika Kindu mwezi wa 10 mwaka 1998. Betri zikaadimika, sabuni na chumvi zikawa mali. Kinanda tulikifunga kwenye turubai. Nikautoa ubao wangu wa zamani chini ya kitanda, wino umefifia, nikauchora upya. Usiku nilipiga bila sauti, masikio yakiimba ndani. Vita vilipopungua, nilikuwa najua nyimbo ambazo hakuna aliyewahi kunisikia nikizipiga.

Katika nchi hii ya Kongo wengi wameanza hivyo, bila ala ya kwao. Ray Lema, mpiga piano wetu anayejulikana duniani, aligusa kinanda kwanza kwa mapadri wa seminari. Armand Diangienda alianzisha orkestra ya kanisa la Wakimbangu huko Kinshasa mwaka 1994, wanamuziki wakipokezana ala chache. Kwa hiyo anayeniambia anangoja kupata kinanda chake ndipo aanze, namwonyesha ubao.

Sasa nafundisha ng'ambo ya mto pia, Alunguli. Navuka kwa mtumbwi, jiwe mfukoni, maana nyumba zile zina misumari lakini hazina metronomu. Wengine hulipa fedha, wengine mchele. Binti mmoja wa miaka kumi na minne huwa anafupisha uzi nikigeuza kisogo. Ninamsikia, lakini simkemei mara moja. Nangoja afike mstari wa tatu.

Mwezi uliopita rafiki aliniletea toka Bukavu nakala ya Invensheni ya kwanza ya Bach, ile ya do. Ni kurasa mbili. Mkono wa kulia husema, wa kushoto unarudia, na hakuna anayemsindikiza mwenzake. Mkono wangu wa kushoto, ulioshika akodi miaka yote hii, haukujua la kusema. Nilijikwaa, nikarudi mwanzo, nikajikwaa palepale. Binti wa Alunguli alikuwa amekaa kando akingoja zamu yake. Hakusema neno. Alisimama juu ya kreti, akafungua fundo, akaurefusha uzi hadi jiwe likakaribia sakafu, kisha akalisukuma.