Taru, Bahari Kavu ya Konokono

Msomaji, ukipanda basi Mombasa kwenda Nairobi, huenda ukaipita Taru ukiwa usingizini. Wengi hufanya hivyo. Mazeras imepita, Mariakani imepita, Samburu vilevile (hii ni Samburu ya Kwale, wala si ile ya kaskazini), na nje ya dirisha huoni ila vichaka vya miiba, udongo mwekundu, mbuyu mmoja mmoja na mbuzi wa Waduruma. Unazinduka Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, kisha unalala tena.

Siku moja teremka Taru, hasa mvua ikiwa imenyesha juzi. Wasafiri wa kale waliotoka pwani kwa miguu kwenda bara waliiogopa nyika hii kwa ajili ya kiu. Tegemeo lao lilikuwa ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayoweka maji ya mvua. Zikikauka ngurunga, msafara ulikuwa taabani.

Sasa inama. Pindua kigogo polepole (angalia nge kwanza!) na uchungulie nyufa za magome. Utamkuta konokono amejibandika, mlango wa gamba lake umezibwa kwa utando wa ute uliokauka kama karatasi. Hajafa, amelala. Mnyama aliye karibu maji matupu huishi mahali palipowashinda wapagazi wa misafara, kwa sababu amejifunza kufunga mlango na kungoja. Kungoja huko kwaweza kuwa kwa ajabu. Mwaka 1846 konokono mmoja wa jangwa la Misri aligundishwa kwa gundi kwenye kadi katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, akidhaniwa ni gamba tupu. Mwaka 1850 walipomwekea maji ya uvuguvugu, alitoka akaanza kutembea.

Lakini si kila konokono awezaye kustahimili hivyo. Aina nyingi za pwani yetu hutaka kivuli, majani yaliyooza na unyevu wa kudumu. Kwa hao, nyika ya Taru ni bahari. Upande huu iko misitu ya Shimba Hills na makaya ya Wamijikenda. Upande wa pili, ng'ambo ya ukavu huu, iko milima ya Taita. Konokono wa msituni hawezi kuvuka kilomita hizo zote. Basi kila upande umelea watu wake kwa muda mrefu mno, na ndiyo maana Taita ina konokono wake aitwaye Gulella taitensis, jina alilopewa na Bernard Verdcourt. Bwana huyo kazi yake ilikuwa mimea, na alifanya kazi miaka mingi Nairobi kabla ya kwenda Kew, Uingereza. Hata hivyo mpaka alipofariki mwaka 2011 hakuna aliyewajua konokono wa Afrika Mashariki kumshinda.

Hao akina Gulella ni wadogo. Wengi hawazidi punje ya mchele. Usiwadharau kwa udogo: hawali majani. Wanawinda konokono wenzao na kuwala wangali ndani ya magamba yao.

Pengine utauliza, je, konokono mpya hupataje jina? Watoto hudhani ni kumwona tu na kumtaja. Laiti ingekuwa hivyo! Kwanza majani ya chini hukusanywa na kuchekechwa kama unga, na ndani ya kichupa chenye konokono hutiwa kikaratasi kilichoandikwa mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Konokono asiye na kikaratasi ni pambo la sebuleni tu. Halafu hupimwa urefu na upana wa gamba, mizunguko yake huhesabiwa, na mdomo huangaliwa kwa hadubini. Akina Gulella wana vijino mlangoni mwa gamba, na mpangilio wake ndio hutenga aina na aina. Ila vijino hivyo huja konokono akishakomaa. Mtaalamu aliyepata watoto watupu hana la kusema. Mwili nao huhifadhiwa katika spiriti upasuliwe, na siku hizi husomwa hata chembe za urithi.

Hapo ndipo kazi ngumu huanza, ile ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyetangulia. Maandishi ya zamani yamo katika Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na sampuli nyingi za kwanza zimo Ulaya. Mimi naona ni jambo la kukera kwamba mwanafunzi wa Kwale akitaka kumwona konokono wa kwanza wa msitu ulio nyuma ya kwao, huenda akahitaji pasipoti. Makumbusho ya Taifa Nairobi yana hazina yake, na kila sampuli inayobaki pale inampunguzia nauli mtu wa kesho.

Akithibitika kuwa mpya, sampuli moja huteuliwa kulibeba jina. Likizuka shauri miaka mia baadaye, watu hurudi kwa huyo mmoja. Jina ni la maneno mawili, desturi inayohesabiwa tangu kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Ukiona neno la pili linaishia na "ensis", jua limetoka kwenye mahali.

Mfano mzuri uko mbele kidogo kwenye barabara hiihii. Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alisafiri kwenda Mlima Kenya, akarudi na makombe ya konokono pamoja na mawe yake. Mwaka 1894 Edgar Smith wa London akayachunguza, na mmoja akampa jina la Kibwezi: leo anaitwa Gonaxis kibweziensis. Naye ni mla konokono wenzake.

Angalia mambo yaliyomfika. Yule kowa mkubwa wa pwani yetu, anayetafuna mchicha usiku, alikuwa amebebwa na watu hadi visiwa vya Pasifiki, na Hawaii alifika mwaka 1936. Akaharibu mashamba. Wakatafuta adui yake huku kwetu. Mwaka 1950 konokono wa Kibwezi akapelekwa kisiwa cha Aguijan, na mwaka 1952 Hawaii. Kowa hakwisha. Mwaka 1955 wakaongeza mwindaji mwingine kutoka Marekani, Euglandina rosea, na huyo ndiye aliyegeukia konokono wenyeji wa Hawaii kwa ukali. Wa mwisho wa aina mojawapo, aliyebandikwa jina la George, alikufa kizuizini tarehe 1 Januari 2019. Kumpa mnyama jina ni jambo moja. Kuijua tabia yake ni jingine, na hilo la pili halikungojewa.

Kutoka Samburu iko njia ya kusini hadi Kinango na Kwale. Ipite. Njiani utaona magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara, na hesabu ni nyepesi: mti ukianguka kivuli huondoka, majani ya chini hukauka, na konokono asiyeweza kuhama hufia palepale, ana jina au hana. Siwalaumu wauzaji, ukame ukiua mbuzi, karo hutoka wapi?

Shimba Hills, hifadhi tangu mwaka 1968, watu huenda kuona ndovu na palahala. Nawe watazame, kisha utazame chini. Ukiteremka Diani, ardhi ni ya mawe ya matumbawe yenye chokaa, na chokaa ndiyo inayojenga gamba. Waonye watoto wasiwashike konokono kwa mikono mitupu. Wengine hubeba minyoo iletayo maradhi, kwa hiyo sabuni iwe karibu. Kukusanya sampuli nako kunahitaji kibali cha serikali.

Mwisho wa safari ingia Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wadigo. Utafungwa kaniki kiunoni na mwenyeji atakutangulia. Uliza kuhusu mti wowote, atakueleza dawa yake. Ila usitie chochote mfukoni. Humo haliruhusiwi kutoka hata jani, wala gamba tupu la konokono.