Nyumba Ndogo ya Magomeni

Watu wa nchi za baridi huzienzi hata mbao walizofunga miguuni ili kuteleza juu ya theluji. Mjini Oslo, nchini Norwei, ipo nyumba ya makumbusho ya mbao hizo iliyofunguliwa mwaka 1923. Sisi tuijuayo theluji kwa kuitazama kileleni mwa Kilimanjaro twaweza kucheka. Lakini mwenyeji wa kule, azitazamapo, humwona babu yake akivuka msitu kutafuta riziki, zamani kabla mwendo huo haujawa mchezo wa mashindano.

Mkazi wa Dar es Salaam naye ana mahali pake pa kumwona mzazi wake. Ashuke Magomeni Usalama, aulize nyumba ya makumbusho ya Mwalimu Nyerere.

Ndugu msomaji, usitazamie jumba la fahari. Ni nyumba ya chini, ya kiasi, kama nyingi zilizojengwa Magomeni katika miaka ya 1950. Humo zimehifadhiwa picha na vyombo vya nyumbani, na mtoto aweza kusema kuwa vyombo kama hivyo aliviona kwa bibi yake. Hapo ndipo somo linapoanza.

Mwezi Machi 1955, baada ya kuzungumza katika Umoja wa Mataifa kwa niaba ya TANU, Mwalimu aliacha kazi ya kufundisha Pugu, na mshahara wake ukakoma. Watoto walihitaji kula, na Mama Maria aliuza mafuta ya taa dukani ili kuitunza familia. Uhuru wa Desemba 9, 1961 ulitanguliwa na hesabu hizo za senti, ambazo kila mama wa Kariakoo na Magomeni anazijua.

Magomeni imebadilika. Kota za zamani zilibomolewa, na maghorofa yaliyojengwa mahali pake yalizinduliwa mwaka 2022. Ni jambo jema watu kupata makazi bora. Hata hivyo, kila nyumba ya zamani iangukapo, huondoka na ushahidi wa namna wazee wetu walivyoishi, na kijana huanza kudhani kuwa historia ilitengenezwa na watu wa namna nyingine, katika majumba makubwa.

Basi wazazi, wapelekeni watoto. Nauli ya daladala si kubwa, na wakishaingia, waacheni waulize maswali.