Safari ya Baba, Mama na Watoto Kwenda Pori la Kaskazini

Jioni moja ya mwezi wa pili, mvua ikipiga mabati ya nyumba yetu hapa Kikula, mtoto wetu wa pili aliniletea gazeti kuukuu lenye picha. Ilikuwa picha ya motokaa kubwa kama nyumba, yenye madirisha na mapazia, imesimama kando ya ziwa, na nyuma yake milima yenye theluji. Mbele ya motokaa wameketi baba, mama na watoto watatu, wanakula. Chini ya picha limeandikwa neno moja: Alaska.

"Baba," akaniuliza, "watu hawa wamehama?"

Nikamjibu kwamba hawakuhama, ila wako mapumzikoni. Motokaa ya namna hiyo ina vitanda, jiko na tangi la maji, na wenyewe huendesha siku nyingi kupita katika misitu ya Kanada mpaka Alaska. Nikamweleza kwamba barabara yao ilifunguliwa mwaka 1942, wakati wa vita, na askari wahandisi wa Marekani, na kwamba urefu wake hapo mwanzo ulikuwa karibu kilometa 2,700. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akauliza neno lililoninyima usingizi usiku ule: "Na sisi, kaskazini yetu iko wapi?"

Mimi ni mwalimu, na katika masomo ninayofundisha imo jiografia. Hata hivyo niliona aibu. Watoto wa Likasi wanazijua karakana za Shituru, wanayajua makamio yanayopakia madini, wanaijua njia ya kwenda Lubumbashi, kilometa 120. Kwao nchi ni kitu cha kuchimbwa, kupakiwa na kupelekwa mbali. Lakini nchi iliyo nyuma ya vilima vyetu, upande wa kaskazini, hawaijui wala hawajaiona. Basi nikasema moyoni: mwaka huu, likizo kubwa ikifika, tutakwenda. Leo nataka kuwasimulia jinsi tulivyoipanga safari hiyo, maana katika kuipanga nimejifunza mambo ambayo yafaa kila baba na kila mama ayajue.

Kwanza niwaonyeshe njia yenyewe. Mto Lufira, ambao si mbali na mji wetu, ulizuiwa kwa ukuta kule Mwadingusha. Hivyo likapatikana ziwa Tshangalele, na tangu mwaka 1930 nguvu za maji yale zimekuwa zikitoa umeme kwa viwanda vya nchi yetu. Mto ukiisha kupita Mwadingusha na Koni huelekea kaskazini. Huanguka kwa kishindo kikubwa kwenye maporomoko ya Kiubo, hupita kati ya milima ya Kundelungu na ya Kibara, mwisho huingia katika bonde pana la maziwa na kujiunga na mto Lualaba karibu na ziwa Kisale.

Huko ndiko iliko Mbuga ya Taifa ya Upemba. Iliwekwa tarehe 15 mwezi wa tano mwaka 1939, na eneo lake leo ni kilometa za mraba 11,730 hivi. Lusinga, kituo chake kikuu, kiko juu ya uwanda wa Kibara, mahali palipoinuka zaidi ya meta 1,700, na usiku wa mwezi wa saba baridi yake ni kali. Kutoka juu huko nchi hushuka zaidi ya meta 1,000 mpaka kwenye maziwa na matete. Katika uwanda wanaishi punda milia wa mwisho wa porini katika Kongo yetu. Katika vinamasi yuko ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mfano wa kiatu. Yuko pia swala wa majimaji ambaye wataalamu walimtambua mwaka 2005 kuwa wa aina ya peke yake. Basi mtoto akiuliza kama nasi tunayo kaskazini yetu, jibu ni hilo.

Tena liko jambo lililonishangaza kuliko wanyama. Mwaka 1957 na mwaka 1958 wataalamu walichimbua makaburi ya kale mahali paitwapo Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walikuta vyungu vizuri ajabu, na pamoja na wafu walikuta vitu vya shaba, hata misalaba midogo ya shaba iliyotumiwa baadaye kama fedha. Sasa fikirini: kandokando ya maziwa yale hakuna shaba. Ilitoka kusini, katika nchi hii ya migodi tunayoikaa sisi. Kumbe miaka mamia mengi kabla ya reli kufika Bukama mwaka 1918, watu wa shaba na watu wa samaki walikuwa wakijuana. Sisi wa leo, wenye motokaa na simu, ndio tuliopotezana.

Nilipowaeleza hayo wa nyumbani, watoto walipiga vigelegele. Mke wangu alinyamaza. Watoto walipokwisha lala akaniambia, "Mume wangu, umetaja punda milia, hukutaja watu. Ndugu za mama walikuja hapa Likasi wakitoka wapi?"

Alikuwa na haki. Mama yangu mzazi alizaliwa kando ya Lufira, mbele ya Kiubo, upande wa maziwa. Aliletwa Likasi akiwa bibi arusi, na sasa yapata miaka thelathini hajaona kaburi la baba yake. Ndugu zake waliobaki huko walikimbia mwaka 2005, wakati wenye silaha walipoiharibu nchi ya Mitwaba. Wakafika kwetu na mtungi mmoja na mbuzi mmoja. Nchi iliyo kati ya Mitwaba, Manono na Pweto ilipata kuitwa pembetatu ya mauti, wala jina hilo halikutolewa bure. Hata katika Upemba yenyewe watunza mbuga wengi wameuawa wakiwa kazini. Tangu mwaka 2017 taasisi ya nchi inayolinda viumbe, yaani ICCN, imeshirikiana na shirika la Forgotten Parks kuirudisha mbuga katika hali njema. Lakini kazi njema ya walinzi si ruhusa ya baba kuwapeleka watoto wake bila kuuliza.

Na mama, aliposikia habari ya safari, alikuwa amekwisha kufunga kitambaa chake kipya katika kifurushi.

Basi tukakaa mezani, mimi na mke wangu, na daftari la shule kati yetu. Tuligawa safari katika hatua tatu. Ya kwanza ni kulala usiku mmoja tu kando ya ziwa Tshangalele, ili kujipima. Ya pili ni kufika Kiubo katika mwezi wa saba, siku nne kwenda na kurudi. Ya tatu, Lusinga na uwanda wa Kibara, tumeiacha kwa mwaka mwingine, kwa ruhusa ya ofisi ya mbuga na habari za hakika. Wakati tuliochagua ni kiangazi, maana kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua hugeuza udongo mwekundu kuwa sabuni, na kamio hukaa matopeni mpaka chakula kinakwisha.

Motokaa yenye mapazia hatuna. Tunaye jirani mwenye kamio ndogo ya kuchukulia makala, na tumepatana naye kwa siku nne, yeye mwenyewe akiwa dereva. Nyuma tutafunga turubai juu ya miti, tutatandika magodoro, nayo itakuwa nyumba yetu. Dereva alituambia kwamba kwenye njia njema gari lake hunywa lita 15 kwa kilometa 100, na kwenye mchanga lita 25. Mke wangu akasema, "Hesabu yote kwa 25." Tukafanya hivyo, kisha tukaongeza theluthi moja, kwani huko mbele anayeuza mafuta leo kesho huenda hana.

Maji nayo tuliyahesabu. Sisi ni watu wanane pamoja na dereva. Kila mtu lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, siku nne, jumla lita 160, yaani bidoni nane za lita 20. Ya kuogea tutateka mtoni, lakini mchana, na si mahali penye njia ya viboko wala penye mamba. Tukaandika vyandarua, dawa, sepeto, panga, kamba ndefu, tairi la akiba, pampu, unga wa bukari, maharagwe, samaki wakavu, chumvi na viberiti katika mkebe usioingiza maji. Fedha tuliiweka kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, na ada ya shule ya watoto haikuguswa. Safari inayokula ada ya mtoto si mapumziko, ni deni.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano tulikwenda Tshangalele kujipima. Nitasema kweli: tuliaibika. Mimi niliweka bidoni ya mafuta karibu na mfuko wa unga, na kifuniko hakikukaza. Bukari ya jioni ilinuka kama karakana, hata mbwa wa wavuvi aliikataa. Tukanunua viazi vitamu kwa wavuvi. Usiku baridi ilitoka ziwani, na mtoto wetu mdogo akakohoa mpaka alfajiri, kwa kuwa niliandika blanketi moja kwa watoto wawili. Asubuhi mke wangu akauliza kwa upole kama katika daftari langu zuri nimeandika mahali pa binti zetu kuogea. Sikuandika. Mwanamume hupanga njia na magurudumu, akasahau kwamba watu wana miili.

Lakini alfajiri ile ile, watoto wakiwa wamejifunga mashuka, waliona ndege weupe wakiinuka kwa mamia kutoka majini. Hakuna aliyesema neno. Mtoto aliyeniletea gazeti alinishika mkono tu. Nikajua kwamba usiku ule haukuwa hasara. Tuliporudi tulisahihisha daftari: mafuta nje, nyuma ya gari, blanketi moja kwa kila mtu, turubai dogo la bafu, na orodha yote mkononi mwa mama wa nyumba, kwani ndiye asiyesahau.

Likabaki jambo gumu, nalo ni kujua lini tutarudi nyuma. Tumeweka sheria, na mke wangu alitaka niiandike na kutia sahihi. Kabla ya kuondoka, na tena njiani kila asubuhi, tutauliza mashahidi watatu: dereva aliyetoka huko juma lile lile, mapadre au katekista wa mahali tunapokwenda, na mkuu wa serikali wa mahali hapo. Mmoja wao akisema hapana, tunarudi, ijapokuwa wawili wamesema ndiyo. Na njia ikiwa njema namna gani, mwaka huu hatutapita Kiubo hata kilometa moja.

Sheria hiyo ilinibidi kumweleza mama. Nilikwenda kwake jioni, nikamkuta akichambua sombe. Nikamwambia kwamba nitamfikisha Kiubo, lakini kwao sitamfikisha. Alikaa kimya muda mrefu, mikono yake ikiendelea na majani.

"Mwanangu," akasema, "wanifikisha mlangoni, kisha wanikataza kuingia?"

Nikamjibu, "Mama, wajukuu zako watakuwa ndani ya gari."

Akaendelea kuchambua. Hatimaye akaniuliza kama tutalala mahali ambapo maporomoko yanasikika. Nikasema ndiyo. Akasema kwamba maji ya Kiubo ndiyo yale yale yapitayo kijijini kwao, na kwamba alipokuwa mtoto walikuwa wakichota humo asubuhi. "Basi nitakaa hapo niyatazame yakienda," akasema. "Na wewe utawaambia watoto yanakokwenda."

Hivyo, wapendwa wasomaji, tunangoja mwezi wa saba. Baba mwenye kutaka kuwaonyesha watoto wake nchi yao asingoje motokaa yenye mapazia, wala asikurupuke kwa kuwa wengine wamekwenda. Na aanze karibu, ahesabu maji na mafuta, amsikilize mama wa watoto, na kabla gari halijawashwa ajue ni wapi atageuza. Kamio ya jirani yetu imekwisha kuoshwa makala. Katika daftari nimeongeza mstari mmoja wa mwisho, kiti cha mama, kando ya dirisha, upande wa mto.