Nilichagua Rangi, Sikuchagua Mtu

Nilikuwa natwanga mpunga mama mkwe wangu alipotoka nyumbani na kikwembe chake cha sikukuu. Akaniuliza mbona sijajitayarisha kwenda kuandikishwa. Ilikuwa mwaka 2005, vita vimetuacha hapa Kasongo, Kongo, bila hata mbuzi mmoja. Nikamjibu nilivyoamini siku zote: “Mama, baba watoto amekwisha kwenda. Kura yake inatutosha.”

Hakunikaripia. Alivuta kigoda, akanisimulia uchaguzi wa Mei 1960. Yeye na wenzake walipika masufuria ya wali kwa wageni wa chama cha Lumumba, wakaimba hadi sauti zikakauka. Siku ya kura alimsindikiza mumewe, kisha akabaki nje juani, mtoto mgongoni, kwa sababu sheria iliwapa kura wanaume peke yao. Na Wabelgiji, waliotutawala na wenye sheria ile, wanawake wa kwao walikuwa na kura ya bunge tangu 1948. Hilo linaniuma mpaka leo. Walijua.

Kwetu haki ilikuja na katiba ya 1967. Mwaka 1970 mama mkwe akapiga kura: karatasi ya kijani kumkubali Rais Mobutu, nyekundu kumkataa, na mgombea ni huyo huyo mmoja.

“Nilichagua rangi, mwanangu, sikuchagua mtu,” alisema. “Magoti yangu yamechoka, lakini safari hii nitachagua mtu.”

Nikauweka mchi chini.

Nilirudi jioni na kadi ya uchaguzi, ile tunayoiita karte, ambayo huku kwetu ndiyo kitambulisho pia. Ilikuwa na picha yangu na jina langu. Tangu nizaliwe nilikuwa binti wa fulani, halafu mke wa fulani, halafu mama wa fulani. Usiku niliichukua tena mara kadhaa, nikaitazama kwenye mwanga wa koroboi.

Tarehe 30 Julai 2006 karatasi ya urais ilikuwa na nyuso 33, na 4 kati yake za wanawake. Mama hakujua kusoma, picha zilimtosha. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka na wino kidoleni. Sikumuuliza amemchagua nani, naye hakuniambia hadi alipofariki.

Mume wangu aliniuliza mimi. Nikamwambia ni siri yangu. Siku tatu hatukusemezana, nami nilizihesabu kwa hofu, maana wakati ule hata Sheria ya Familia ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe katika mambo yake mengi. Sharti hilo lilifutwa 2016. Siku ya nne aliomba chai. Hakuniuliza tena.

Niliyekuwa nikisema kura moja inatosha nyumba nzima, sasa ndimi ninayepita mashambani kuwaita wanawake. Uandikishaji wa 2023 ulipofika tulitoka jogoo wa kwanza, tukiwa na tochi, wengine wametembea tangu usiku. Mashine ilisumbua, jua likapanda, mstari haukusogea. Pale nyuma alisimama msichana mwenye kichanga mgongoni, amekifunika kwa kitenge. Nilimshika mkono. Wanawake wakasogea kando mmoja mmoja, tukampitisha hadi mlangoni, akaingia ndani na mtoto wake.